Mafuta ya Midomo kwa Mpiga Tarumbeta

Kiangazi kile midomo ya Tata ilipasuka kabla ya udongo. Tata ni baba yangu. Ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya, na hata tukizungumza Kiswahili nyumbani kwetu Kagoma, wilayani Muleba, neno hilo tunaliacha kama lilivyo. Ni mkulima wa kahawa na migomba kama majirani zake, ila ana jambo moja la ziada: anapiga tarumbeta katika bendi ya parokia. Amepiga tangu kabla sijazaliwa. Wanasema siku niliyobatizwa nililia mpaka tarumbeta ilipoanza, nikanyamaza ghafla. Nimeisikia habari hiyo mara nyingi mno kiasi kwamba siiamini, lakini sijapata shahidi wa kuipinga.

Mpiga ngoma akiumwa midomo atapiga ngoma. Mpiga tarumbeta hana bahati hiyo. Yeye hubana midomo na kuitetemesha ndani ya kipulizio cha chuma, na sauti yote unayoisikia huanzia kwenye mtetemo huo. Ufa mdogo katikati ya mdomo wa chini unatosha kuharibu wimbo. Tata alikuwa na ufa huo. Katikati ya wiki ulijifunga kidogo, na kila Jumapili wimbo wa kuingilia ukaufungua tena, mpaka siku moja akashusha tarumbeta katikati ya ubeti, kipulizio kikiwa na damu, na wenzake wakamalizia wimbo bila yeye.

Baada ya misa mwalimu wa bendi alimfuata chini ya kengele. Ni kijana, karibu rika langu, na anamheshimu Tata sana, kwa hiyo alizunguka kwanza. Aliuliza habari za kahawa, akauliza habari za mvua, kisha akasema:

"Mzee wangu, kule Rubafu tutapiga mbele ya maaskofu. Kama mdomo haujapona, utatushikia matoazi."

Tata alimjibu kwamba matoazi nayo ni kazi ya Mungu. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kuangalia mbuzi. Habari hii niliipata kwa Mae, yaani mama, ambaye naye aliipata kwa mke wa mpiga ngoma.

Safari ya Rubafu haikuwa safari ya kawaida. Dada yake Tata, shangazi yangu, ni mtawa, na mwezi wa nane mwaka ule angetimiza miaka hamsini ya nadhiri, na misa ya shukrani ingekuwa huko Rubafu. Ni yeye aliyekuwa mtawa kijana wakati Tata ni mvulana asiyejua afanye nini na pumzi zake, akamwombea kwa padre wa wakati ule aruhusiwe kushika tarumbeta iliyokuwa imetupwa stoo. Sasa shangazi alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu kuhusu sherehe yake. Chakula wangepanga wengine, na mavazi pia. Yeye alitaka jambo moja, aingie kanisani akisikia tarumbeta ya mdogo wake.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza shahada ya kemia, nimerudi nyumbani kusubiri ajira, nikifundisha kwa muda katika sekondari ya jirani. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nauliza hata mambo ambayo jibu lake halinisaidii. Mae husema kwamba nikifika mbinguni nitamwuliza Petro ufunguo wake umetengenezwa wapi na nani aliuhakiki. Kwa hiyo nilipoona midomo ya Tata nilifanya ninachofanya siku zote. Nilimkalisha kwenye benchi la uani, mahali penye mwanga, nikaanza kumhoji.

"Ulikuwa unapaka nini?"

Alitoa mfukoni kijiti cha mafuta ya midomo alicholetewa na mpwa wake kutoka mjini. Kilinukia mnanaa na kitu kingine kama peremende. Nilisoma maandishi yaliyokizunguka, madogo kama chawa, nikimtajia jina moja baada ya jingine.

"Yote hayo yako mdomoni mwangu?"

"Yalikuwa."

"Na bado nasikia njaa," alisema.

Kilikuwa kinamwunguza, ila alidhani kuungua ndiyo kazi ya dawa. Kwenye zahanati mganga alimwangalia akamwambia aache kila kitu chenye harufu, aache kulamba midomo, na aipake mafuta matupu mara nyingi. Pia alimshauri apunguze kutafuna amwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo huwapa wageni na kujipa mwenyewe, kwa sababu maganda yake magumu yanakwaruza. Hilo Tata alilikataa papo hapo. "Mgeni akija nimpe nini, maji ya bomba?"

Ndipo nikaamua kumtengenezea mafuta mwenyewe.

Niseme wazi kwamba sikufanya hivyo kwa kuamini zile habari za kwenye simu, za watu wanaouza vikopo vyao wakisema havina kemikali. Maji ni kemikali. Chumvi ni kemikali. Ndizi moja ina kemikali nyingi kuliko kile kijiti cha Tata. Wala siamini kwamba vihifadhi, zile dawa zinazowekwa kwenye losheni ili vijidudu visiote, ni sumu inayotuua polepole. Losheni ina maji, na losheni yenye maji bila kihifadhi ni shamba. Itaota tu, hata kama imetengenezwa na mtu mwema. Lakini mafuta ya midomo yanaweza kutengenezwa kwa nta na mafuta peke yake, bila tone la maji, na kijidudu kisichopata maji hakiishi. Kwa hiyo kihifadhi sikukihitaji. Na kila kitu nisichokihitaji kilikuwa kitu kimoja pungufu cha kumwunguza Tata.

Nilipomweleza hivyo alielewa kabla sijamaliza. "Ni kahawa," alisema. "Ikikauka sawasawa unaiweka ghalani unalala. Ikiwa na unyevu, inakuotea ukungu hata ukiifungia na padre."

"Ndiyo hiyo. Lakini kuna adui wa pili. Mafuta yanachacha."

"Hayo ni maji tena?"

"Hapana. Ni hewa. Ukimenya ndizi ukaiacha inageuka nyeusi, sivyo? Mafuta nayo hewa inayala polepole, hasa kwenye joto na mwanga, mpaka yanuke kama karanga za mwaka juzi. Kwa hiyo unaweka vitamini E kidogo. Haiui kijidudu chochote. Kazi yake ni kukaa mlangoni ili hewa imkute yeye kwanza."

"Mlinzi."

"Mlinzi."

"Na akichoka?"

"Mafuta yanachacha, tunatengeneza mengine."

"Basi ana kazi ngumu kuliko ya kwangu," alisema, akaenda kuangalia mbuzi.

Watu wengi huchanganya walinzi hawa wawili, kihifadhi na vitamini E. Hata wanaouza kwenye simu wanasema vitamini E inahifadhi, kana kwamba inazuia kila kitu. Nilijivunia kwamba mimi sikuchanganya. Nakumbuka kujivunia huko vizuri kwa sababu ya kilichofuata.

Jumamosi moja nilikwenda Bukoba mjini. Nta nilikuwa nimeshaipata kwa mfuga nyuki wa Izimbya aliyekuja mnadani, bonge la rangi ya njano lenye harufu ya asali na moshi. Nilihitaji mafuta ya nazi yaliyosafishwa, yasiyo na harufu. Liko duka moja karibu na soko, la familia ya Kihindi iliyobaki wakati nyingine nyingi zilipoondoka, na mwenye duka ni mama mzee anayeongea Kihaya kizuri kuliko changu. Alinitazama juu ya miwani.

"Kupika au kupaka?"

"Kupaka. Midomo."

"Midomo yako mbona mizuri?"

"Si yangu, mama. Ni ya baba."

"Baba," alisema taratibu, akimgeukia mwanawe aliyekuwa akipanga sabuni. "Unasikia? Siku hizi na baba wanapaka midomo."

"Anapiga tarumbeta kanisani, na imepasuka."

Uso wake ulibadilika. Aliweka chini chupa aliyokuwa ameishika, akachukua nyingine nyuma. "Basi chukua hii. Ile ni ya nywele, ina manukato. Mwambie nilikuwa namsikia, bendi ikipita barabarani Pasaka. Ni yule mrefu?"

"Ni yule mfupi."

"Aa. Mwambie hivyohivyo."

Vitamini E nilipata duka la dawa, ya vidonge laini ambavyo unatoboa kwa sindano. Vikopo vilikuwa vya bati, vya peremende, ambavyo nilikuwa nimevikusanya shuleni kwa walimu wenzangu.

Nilitengenezea jikoni kwa Mae, siku hiyohiyo jioni jua likiwa bado juu ya migomba. Vikopo nilivichemsha, nikavikausha juani, nikavifuta kwa kitambaa safi mara nyingine kwa wasiwasi. Mae alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akinitazama.

"Unavyovifuta, mtu atadhani ni vikombe vya misa."

"Sitaki unyevu hata kidogo."

"Nimesikia. Umeshamwambia mpaka mbuzi."

Niliweka nta na mafuta katika bakuli, bakuli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kwa uangalifu maji yasiruke. Vilipoyeyuka nilitoa bakuli, nikaacha vipoe kidogo, nikatoboa vidonge na kukamua vitamini E ndani. Nilimimina kikopo cha kwanza kuwa sampuli yangu. Hapo simu ikalia, mkuu wa shule anataka alama za mtihani. Jikoni kwetu mtandao haushiki vizuri, sauti hukatika, kwa hiyo nilirudisha bakuli juu ya sufuria ili yasigande, nikamwambia Mae aangalie tu, nikatoka hadi kwenye kona ya shamba nyuma ya jiko.

Nikiwa pale shambani nilisikia jikoni sauti fupi, chaa, kama tone likigusa kikaango. Nilidhani ameanza kukaanga vitunguu. Niliporudi vikopo vyote vilikuwa vimejaa, vimepangwa juu ya meza.

"Nimekumalizia," alisema Mae.

Nilimshukuru. Mafuta yaliganda vizuri, ya njano kama siagi, hayana harufu zaidi ya ule moshi wa mbali wa nta. Tata alipaka asubuhi kabla ya kwenda shambani, mchana, na kabla ya rozari. Ufa ulianza kujifunga kutoka pembeni, kama shati linavyoshonwa. Baada ya muda akaanza kufanya mazoezi tena nyuma ya shamba, kwa sauti ndogo kwanza, noti moja ndefu, kisha ngazi nzima ya noti. Jirani alipita njiani akapaza sauti kwa salamu ya Kihaya, "Kasinge waitu! Malaika amerudi?" Tata akajibu kwa noti ya chini kabisa, mbaya kwa makusudi, na jirani akacheka mpaka alipopinda kona.

Mae alikuwa akimenya ndizi. Niliona kisu kimesimama wakati ngazi inapanda, kikaendelea iliposhuka.

Wiki ya mwisho kabla ya Rubafu, Tata alikuja na kikopo mkononi. "Njoo uone, mwanangu. Shamba lako limeota."

Chini ya mafuta, karibu na ukingo wa bati, palikuwa na vidoti vyeusi vyenye manyoya ya kijani. Ukungu. Nilifungua kikopo cha pili, ambacho hakijaguswa na kidole cha mtu, nikachimba hadi chini. Nacho hivyohivyo. Nilivichukua vyote nikamwambia Tata asipake tena hata kidogo. Alitii, akakaa bila kupaka kitu, na upepo wa kiangazi haukumsubiri. Siku iliyofuata midomo ilikuwa mikavu kama gome. Iliyofuata, mstari mwekundu ukaonekana palepale pa zamani. Jioni nilimwona ameiweka tarumbeta magotini anaipangusa, na juu ya meza, sijui nani alikuwa ameyaleta, palikuwa na matoazi ya bendi.

Niliogopa kweli. Chuoni jaribio likiharibika unaandika sababu na kurudia. Hapa kulikuwa na bikizee mmoja Rubafu aliyesubiri miaka hamsini.

Nilianza kushuku. Nilishuku nta, nikashuku bati. Nilimshuku Tata kwamba alichovya kidole chenye maji, lakini kikopo cha pili hakikuwa kimeguswa. Nilinusa mafuta. Hayakuwa yamechacha hata kidogo, yalinukia vilevile kama siku ya kwanza. Mlinzi wangu alikuwa amesimama mlangoni kwa uaminifu wote, na mwizi alikuwa amepitia dirishani. Ukungu unataka maji, na maji hayakuwemo. Nilijua hayakuwemo kwa sababu ni mimi niliyekausha kila kitu.

Ndipo nikakumbuka sampuli yangu. Ilikuwa kwenye mkoba wa shule, imepita joto na vumbi na chaki. Niliifungua. Ilikuwa safi, laini kama uso wa maziwa.

Bakuli ni moja, nta ni ile moja, bati ni lilelile. Kilichotofautisha ni kwamba kikopo changu kilimiminwa kabla ya simu ya mkuu wa shule, na vingine baada. Nikakumbuka ile chaa.

Nilimkuta Mae uani.

"Mae, siku ile nilipotoka kuongea na simu, uliweka nini kwenye bakuli?"

"Bakuli gani?"

"Mae."

Aliweka ndizi iliyomenywa kwenye maji, akachukua nyingine. "Maji ya baraka."

"Maji."

"Ya baraka. Matone tu. Moja liliangukia motoni likalia chaa, nikajua yamepokelewa."

Yalikuwa yale ya mkesha wa Pasaka, anayoyaweka nyuma ya picha ya Bikira Maria katika chupa ya soda, na ambayo kufikia mwezi wa saba huwa yameanza kupata rangi. Nilikaa chini. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, ya jinsi tone linavyoshuka chini ya mafuta na kujificha pale likisubiri. Niliishia kuuliza neno moja tu.

"Kwa nini?"

Aliacha kumenya. "Kwa nini? Ni midomo ya mume wangu. Unaitengenezea dawa, mimi nikae nikuangalie kama mgeni?"

"Sikukuambia usiweke maji? Nilimwambia mpaka mbuzi, wewe mwenyewe ulisema."

"Uliniambia nisiweke maji. Hayo si maji ya kunawa."

"Kwa ukungu ni yaleyale."

"Basi ukungu hauna dini," alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Baadaye alianza kunieleza, bila aibu, kama mtu anayetaja miche aliyopanda. Aliwahi kuyanyunyiza kwenye tarumbeta. Aliyanyunyiza kwenye miche ya kahawa mwaka ule wa ugonjwa. Kwenye sanduku langu aliyanyunyiza kila nilipoondoka kwenda chuo, muhula baada ya muhula, nikiwa nimetoka kuwaaga majirani.

"Ndani ya sanduku?"

"Vitabu viko ndani. Sanduku lenyewe halisomi."

Nilikumbuka kitabu changu cha kemia cha mwaka wa kwanza. Kurasa za katikati zilikuwa zimegandana na kupata madoa, na nilikuwa nimemlaumu mwenzangu wa chumbani kwa chai yake karibu muhula mzima.

"Kwani hukufaulu?" Mae aliuliza.

"Nilisoma, Mae."

"Nilikuzuia kusoma?"

Nilicheka, naye akacheka, na hasira ikanitoka. Siamini kwamba maji yale yalinifaulisha mtihani wowote. Lakini kwa miaka yote ile nilidhani ninaondoka nyumbani peke yangu na akili zangu. Kumbe kila safari kulikuwa na mtu aliyesubiri nitoke mlangoni ili anyanyue nguo zangu na kunyunyiza kitu cha thamani kuliko vyote alivyonavyo. Kulikuwa na chupa moja tu kwa mwaka mzima. Sikuwa nimewahi kushukuru kwa sababu sikuwa nimewahi kujua.

Lakini midomo ya Tata ilikuwa bado inapasuka, na mafuta mapya ilikuwa lazima yatengenezwe kesho yake. Ningeweza kumwambia Mae asikanyage jikoni. Angetii. Angekaa nje kwenye benchi, na jiko likawa langu, na nisingeweza kustahimili kumwona pale.

Asubuhi nilimwita. Juu ya meza niliweka bonge la nta lililobaki, baridi, halijayeyushwa.

"Leta chupa yako."

Alinitazama kwa mashaka, kama mimi ninavyowatazama watu. Akaileta.

"Nyunyiza hapa. Sasa, kabla ya moto."

Alipiga ishara ya msalaba, akanyunyiza, akisali kwa Kihaya kwa sauti ya chini. Matone yalisimama juu ya nta kama yanavyosimama juu ya jani la jimbi, ya mviringo, yakikataa kuingia. Nilipoinamisha bonge yakateleza yote yakaanguka mezani. Nilichukua kitambaa safi nikaifuta nta, nikaigeuza, nikaifuta tena, kisha nikaiweka juani.

"Maji umeyafuta," Mae alisema.

"Nimeyafuta."

"Na baraka?"

"Mtoto akibatizwa mnamfuta kichwa au hamumfuti?"

Alikunja uso akipima. "Tunamfuta."

"Kwa kitambaa?"

"Cheupe." Aliendelea kupima kidogo, kisha akasogeza kigoda chake karibu na jiko. "Haya. Yeyusha."

Safari hii yeye ndiye aliyekoroga, na mimi nikatoboa vidonge. Simu ililia, sikupokea.

Tata alipaka mafuta hayo kila alipokumbuka, na Mae alimkumbusha kila aliposahau. Mazoezi aliyapiga marufuku mwenyewe, ili mdomo upumzike. Kwa hiyo tulipopanda lori la bendi kwenda Rubafu, alfajiri, matoazi yakigongana ndani ya gunia, hakuna aliyejua kama angeweza. Mwalimu wa bendi alimwacha na tarumbeta yake bila kuuliza. Namshukuru kijana yule kwa kutouliza.

Kanisa lilijaa hadi nje. Masista walipangana mlangoni, na mbele yao shangazi yangu, mdogo, amepinda kidogo, ameshika mshumaa. Mwalimu wa bendi akainua mkono. Tata akalamba midomo, jambo alilokatazwa, akaipangusa kwa leso nyeupe, akaweka kipulizio.

Noti ya kwanza ilikuwa na mchanga ndani yake. Nilimwona Mae akifumba macho. Noti ya pili ilikuwa safi. Kisha wimbo wote ukafunguka na kupanda hadi kwenye mabati, na shangazi, ambaye alitakiwa kutembea polepole kwa heshima, alisimama kabisa katikati ya njia akasikiliza ubeti mzima, maandamano yote yakimsubiri nyuma, maaskofu wakiwemo.

Ulipokwisha Tata alishusha tarumbeta na kubana leso mdomoni. Akaitazama. Kisha akaikunjua, akaiinua kidogo upande wetu, mimi na Mae, kama mtu anayeonyesha barua. Ilikuwa nyeupe.

Mchana, baada ya ndizi na nyama na vikombe vya olubisi, ile juisi tamu ya ndizi, shangazi alikuja kukaa nasi kivulini. Alimshika Tata kidevu kama mtoto, akamgeuza huku na huku.

"Niliambiwa umechanika. Mbona mdomo wa bwana harusi?"

"Uliza hawa," Tata alisema, akatoa kikopo mfukoni.

Shangazi alikifungua, akanusa. Midomo yake nayo ilikuwa mikavu, ina mistari kama kiganja.

"Kimebarikiwa?"

"Kimebarikiwa," Mae alisema.

"Na hakina maji," nilisema mimi.

Shangazi alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaona kwamba hapo kuna kesi na kwamba imeshahukumiwa. Alifuta kidole kwenye shela lake kikakauka vizuri, akachovya, akapaka, kisha akakitia kikopo mfukoni mwake, na Tata hakuthubutu kukidai.